GPS inanyamaza nikiwasha Bluetooth. Kifaa ni cha kutafutia madema ya baba, naombeni macho yenu

#1 Mwana_Dema
Habari wakuu. Baba yangu anavua kwa madema, mitego ya samaki inayotoswa chini ya bahari, huku Bagamoyo. Alama ya kila dema ni boya la dumu. Boya likikatwa na propela ya boti nyingine, dema ndiyo limekwenda, linabaki chini linanasa samaki wasioliwa na mtu. Mwezi huu amepoteza mawili. Nataka nimtengenezee kifaa: akitosa dema anaandika "weka" kwenye simu, kifaa kinahifadhi mahali. Akirudi anaandika "rudi", kinamwambia umbali na upande.

Nina Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), moduli ya GPS NEO-6M na HC-05 ya kuongea na simu. GPS ikiwa peke yake inafanya kazi. Bluetooth ikiwa peke yake pia. Nikiziweka pamoja GPS haitoi hata herufi moja. Nimebadilisha waya, nimebadilisha bredibodi, nimebadilisha hadi moduli yenyewe. Programu kwa ufupi:

```
SoftwareSerial gps(4, 3);
SoftwareSerial bt(10, 11);

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  gps.begin(9600);
  bt.begin(9600);
}

void loop() {
  while (gps.available()) mstari += (char)gps.read();
  if (bt.available()) {
    amri = bt.readString();
    if (amri == "weka") hifadhi();
  }
  delay(1000);
}
```

Siku ya nne leo nahangaika. Nawasilisha.

#2 FundiRedio_77
Moduli feki hiyo. Mimi nilinunua tatu, mbili zikawa mbovu. Irudishe ulikoitoa.

#3 Neema_Saketi
FundiRedio, soma tena #1. Kasema ikiwa peke yake inafanya kazi, na moduli ameshabadilisha. Moduli feki haitajua kama jirani yake ni HC-05.

Mwana_Dema, tatizo liko kwenye mistari miwili ya setup. SoftwareSerial (siriali, yaani mlango wa mawasiliano, unaoigizwa na programu) unaweza kutengeneza mbili, lakini inayosikiliza ni moja tu kwa wakati mmoja, na ni ile iliyoitwa mwisho. Wewe umemaliza na bt.begin, kwa hiyo sikio lote liko kwenye Bluetooth. GPS inaongea, hakuna anayesikiliza. Geuza mpangilio uone: GPS itaamka, Bluetooth itakuwa bubu. Kuna amri ya gps.listen() ya kurudisha sikio upande wa pili.

#4 Mwana_Dema
Dada Neema, nimegeuza na imekuwa hivyo hivyo ulivyosema! Shukrani sana. Sasa nimeweka gps.listen(), nikaambia isome mara 100 mfululizo, halafu bt.listen(). Herufi zinakuja, ila angalia zinavyokuja:

```
$GPRMC,041530.00,A,0624.6$GPGSV,3,2,11,17,4
ÿÿÿÿÿÿÿÿ$GPGGA,0415
```

Na "weka" inasikika mara moja kati ya kumi.

#5 BwanaVolti
Umeme huo. Herufi zikichanganyika hivyo, volti inashuka. Moduli ya mawasiliano inataka hadi ampea 2, USB ya laptopu haiwezi. Weka kapasita kubwa na chaja ya nje.

#6 Kilobaiti2
Ampea 2 ni SIM800L, moduli ya laini ya simu, inaporusha mawimbi, BwanaVolti. HC-05 inakula makumi ya miliampea tu, na NEO-6M nayo hazifiki hata 100. Hapa umeme tuuache kwanza.

Tatizo ni bafa, pale baiti zinaposubiri kusomwa, ni baiti 128 tu. Iongeze kwenye faili la maktaba.

#7 Neema_Saketi
Bafa ya SoftwareSerial ni 64, siyo 128. Ya siriali ya kweli, ile iliyo ndani ya chipu ya Uno, nayo ni 64.

#8 Kilobaiti2
Kweli, 64. Nimekosea, na hesabu inazidi kuwa mbaya. Kwa kasi ya 9600 kila baiti inachukua biti 10 pamoja na biti ya kuanza na ya kumaliza, kwa hiyo zinapita baiti 960 kwa sekunde. Bafa ya 64 inajaa ndani ya milisekunde 67. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200. Iliyo utosini kwako, mawimbi yake yanakufikia baada ya milisekunde 67 vilevile. Yaani muda ambao habari inasafiri kutoka angani hadi kwenye mashua ya mzee ndio huohuo ulio nao wa kuipokea kabla bafa haijafurika. Na wewe umeweka delay(1000)!

NEO-6M kila sekunde inamwaga sentensi za RMC, VTG, GGA, GSA, GSV kadhaa na GLL. Ni baiti mia nne hadi mia tano. Unalala sekunde nzima, unaamka unakuta 64 za mwanzo, nyingine zimemwagika. Unaendelea kusoma, katikati ya sentensi unaingia kwenye sentensi nyingine. Ndiyo hiyo 0624.6 iliyogongana na $GPGSV.

Hizo ÿ ni jambo jingine. Kusoma mara 100 bila kuuliza kama kuna kitu ni kosa. read() ikikosa baiti inarudisha -1, ukiilazimisha iwe char inakuwa 255, na 255 huchorwa ÿ. Rudisha while (gps.available()).

#9 Mtwapa_Dev
Salamu kutoka Mtwapa. Kilobaiti2 amesema kweli ila ameacha mbili. Kwanza, kila ukiita listen() kubadilisha sikio, bafa inafutwa. Kwa hiyo hata ukiondoa delay, kuruka huku na huku kutakukatia sentensi. Pili ni hiyo readString(). Inakaa ikingoja sekunde moja nzima baada ya herufi ya mwisho ndiyo ikubali kwamba umemaliza. Hiyo ni delay nyingine iliyojificha. Ndugu yangu ataondoa delay moja aliyoiandika, abaki na nyingine asiyoiona.

Na simu nyingi zinatuma "weka" pamoja na alama za mwisho wa mstari, \r na \n. Kwa macho ni "weka", kwa Arduino ni herufi sita, haifanani na nne. Weka amri.trim() kabla ya kulinganisha.

Dawa: GPS ihamie pini 0, ile ya siriali ya kweli. Bluetooth ibaki na SoftwareSerial peke yake. Ukipakia programu chomoa waya wa pini 0, la sivyo utapata "not in sync" mpaka uchoke.

#10 Chapchap_Dsm
Kwa nini mnateseka? Nunua ESP32, bodi nyingine yenye siriali tatu na Bluetooth humo ndani. Uzi umekwisha.

#11 Neema_Saketi
Kila uzi wa Arduino lazima atokee mtu wa "nunua ESP32". Kijana ana Uno mkononi, na akielewa kwa nini bafa ya 64 inafurika, ataelewa na ya ESP32 ikifurika.

#12 Nahodha_Mstaafu
Nimefurahi kuona kijana anafikiria kazi ya baba yake. Mimi nimeendesha vyombo miaka mingi. GPS ya mkononi niliyokuwa nayo miaka ya tisini ilikuwa inatutembeza huku nanga imelala chini. Wamarekani walikuwa wanapotosha mawimbi ya raia kwa makusudi, unaweza kukosea mita 100. Mei 2000 wakaacha, asubuhi yake ile mashine ileile ikatulia kama imetiwa akili. Baba yako anatafutaje dema lililokatika boya?

#13 Mwana_Dema
Shikamoo mzee. Anapanga alama za pwani. Mnazi fulani ukikaa mstari mmoja na mnara wa misheni, na upande mwingine kuna paa la bati linapangana na mbuyu. Mistari miwili ikikutana, dema liko hapo. Anapatia sana, ila ukungu au mvua ikishuka haoni pwani, na mwaka jana ule mnazi umeanguka.

#14 Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Basi mheshimu kwa hilo, hakuna mashine iliyomfundisha. Neno moja: kifaa kitampa upande wa kwenda, lakini chombo kikisimama GPS haijui omo, mbele ya chombo, imeelekea wapi. Inajua mwendo tu. Mwambie asogee kidogo kwanza ndipo aamini mshale, au aulize dira.

#15 Mwana_Dema
Nitamwambia, mzee. Wakuu, maendeleo: GPS iko pini 0, delay imeondoka, readString imeondoka, trim ipo. Sentensi zinakuja nzima! "Weka" inasikika kila mara. Furaha niliyokuwa nayo jana usiku siwezi kueleza.

Lakini sasa kuna jipya. Nilipanda na baba hadi kwenye dema la kwanza, nikahifadhi. Nimefika nyumbani nikaweka namba kwenye ramani: 6.246 na 38.570. Mara ya kwanza ikanipeleka kusini mwa Ethiopia. Nikakumbuka S, nikaweka alama ya kutoa. Sasa inasema dema liko nchi kavu, bara kabisa, zaidi ya kilomita 45 kutoka tulipokuwa.

#16 FundiRedio_77
Nilisema moduli feki.

#17 BwanaVolti
Au antena. Ulikuwa chini ya paa la mashua?

#18 Kilobaiti2
Siyo moduli wala antena. Mwana_Dema, GPS ilikuandikia nini hasa, herufi kwa herufi? Nabashiri ni 0624.6 na 03857.0, nawe umegawanya kwa 100.

#19 Mwana_Dema
Ndiyo! 0624.60120,S na 03857.02340,E. Nimegawanya kwa 100. Umejuaje?

#20 Kilobaiti2
Kwa sababu nimelia nayo mwaka mzima kabla yako. Hiyo siyo desimali ya nyuzi. Tarakimu mbili za mwanzo za latitudo ni nyuzi, zinazofuata ni dakika. 0624.60120 ni nyuzi 6 na dakika 24.6012. Dakika 60 hufanya uzi mmoja, kwa hiyo gawanya 24.6012 kwa 60, unapata 0.41002. Mahali pako ni -6.41002. Longitudo ina tarakimu tatu za nyuzi: 038, halafu 57.0234 gawanya kwa 60, ni 38.95039. Weka kwenye ramani.

#21 Mwana_Dema
Iko baharini. Palepale. Baba ameangalia ramani amecheka, kasema "hapo ndipo".

#22 Neema_Saketi
Sasa tumia maktaba ya TinyGPS++ ya Mikal Hart uache kukata sentensi kwa mkono. Inabadilisha dakika yenyewe, inajua S ni hasi. Kubwa zaidi, inakagua zile tarakimu mbili baada ya nyota. Sentensi iliyopoteza baiti moja inatupwa, haihifadhiwi kama mahali. Kwa njia yako ya sasa baiti ikipotea katikati ya 0624.6 unapata dema kijijini kwa watu. Kila dakika chapisha gps.failedChecksum(). Namba hiyo ikipanda ujue bado kuna mahali unachelewa kusoma.

#23 Chapchap_Dsm
Ila akumbuke float (namba ya desimali) ya Uno ni mbovu. double nayo ni float tu, biti 32. Itamkosesha mita mia na zaidi.

#24 Kilobaiti2
Nusu ya kwanza kweli, nusu ya pili hapana. Kwenye namba kati ya 32 na 64, hatua ndogo ya float ni kama 0.0000038. Hapa kwetu hiyo ni sentimita 42, wakati NEO-6M yenyewe kwa sifa zake ni mita 2.5 anga likiwa wazi. Kinachokosesha watu ni Serial.print(lat), ambayo bila kuambiwa huandika desimali mbili tu, na desimali mbili ni zaidi ya kilomita. Andika Serial.print(lat, 6).

#25 Mtwapa_Dev
Hata hivyo mimi ningehifadhi kama namba kamili, milioni kwa kila uzi: -6410020 na 38950390. Long (namba kamili ya baiti 4) mbili ni baiti 8. EEPROM ya Uno, kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, ni baiti 1024, yanaingia madema 128. Baba ana mangapi?

#26 Mwana_Dema
Kumi na mawili, akibahatika.

#27 Mama_Pemba
Mimi si fundi, nimepita nikasoma yote. Mwanangu, hizo 041530 mwanzoni ni saa? Mbona inaonyesha saa kumi na wewe ulikuwa baharini asubuhi?

#28 Neema_Saketi
Mama, ni saa ya Greenwich. Ongeza 3 upate yetu: 7:15 ya asubuhi. Ukitaka saa ya Kiswahili ondoa 3 badala ya kuongeza, unapata saa 1 na robo moja kwa moja. Ikitoka sifuri au hasi, ongeza 12; ikizidi 12, ondoa 12.

#29 Mama_Pemba
Basi mwekee baba yako saa ya Kiswahili, asihangaike kuhesabu.

#30 Mwana_Dema
Nimeiweka, mama. Shukrani.

Wakuu, wiki mbili zimepita. Kifaa kimo ndani ya kopo la plastiki, antena imeangalia juu, umeme unatoka kwenye pawabenki. Siku ya kwanza na ya pili kilifanya kazi vizuri. Siku ya tatu, baada ya saa mbili hivi baharini, kimenyamaza. "Weka" hakuna jibu. Tumekizima na kukiwasha, kikarudi. Siku ya nne vilevile, safari hii baada ya dakika 50. Programu haijabadilika, ila nilikuwa nimeongeza majibu marefu ya Kiswahili kwenda kwenye simu.

#31 Kilobaiti2
Umetumia String (maneno yanayokua na kupungua kwenye kumbukumbu) kwenye hayo majibu? Uno ina baiti 2048 za kumbukumbu, basi. Kila ukijumlisha String inakata kipande kipya na kuacha tundu la zamani. Matundu yakizidi, hakuna nafasi ya mstari mmoja mzima ingawa jumla inatosha. Ndiyo maana inachukua saa, na ndiyo maana ukizima inarudi. Tumia safu ya char ya ukubwa maalumu, na maneno yasiyobadilika yazungushie F("...") yabaki kwenye flashi, kumbukumbu ya programu.

#32 BwanaVolti
Hapana. Sasa ndipo umeme. Pawabenki nyingi zikiona mkondo mdogo zinadhani simu imejaa, zinajizima. Kifaa chake kinakula kidogo mno. Kuzima na kuwasha kunaiamsha. Na ongeza hili: GPS inatoa volti 3.3, Uno ya volti 5 inahesabu 1 kuanzia volti 3. Una nafasi ya 0.3 tu. Waya mrefu, chumvi kwenye pini, mtikisiko wa mashine, nafasi hiyo imeliwa.

#33 Mtwapa_Dev
BwanaVolti, leo nakuunga mkono kwa pawabenki. Kwa 0.3 sina hakika, ingeonekana tangu siku ya kwanza. Ila mimi namshuku mwingine: hayo majibu marefu. SoftwareSerial ikituma herufi inasimamisha kazi nyingine zote kwa karibu milisekunde nzima kwa kila herufi. Mpaka jibu liishe programu haisomi bafa ya GPS, na baiti zikizidi 64 zinapotea. Jibu la herufi 120 ni milisekunde 125, na sentensi ya GPS hapo haiponi.

#34 Kilobaiti2
Hilo litaharibu sentensi, halitanyamazisha kifaa kizima.

#35 Mtwapa_Dev
Isipokuwa programu yake inangoja sentensi nzuri ndipo ijibu. Mwana_Dema, inangoja?

#36 Mwana_Dema
Inangoja. Kuna while ndani ya hifadhi() inayosubiri isUpdated(), yaani mpaka GPS ilete mahali papya.

#37 Neema_Saketi
Basi mna washukiwa watatu na kila mmoja anaweza kuwa peke yake au pamoja. Tafadhali usibadilishe vyote kwa mpigo, hutajua kilichoponya. Taa ya Uno ilikuwa inawaka kiliponyamaza?

#38 Mwana_Dema
Kopo si angavu, sikuona. Nimetoboa tundu na kulifunga kwa plastiki nyeupe, kesho nitaona. Nimeweka pia kichapishe kumbukumbu iliyobaki kila dakika kwenye simu. Namba ikishuka kabla ya kimya, ni ya Kilobaiti2. Taa ikizima, ni ya BwanaVolti. Taa ikiwa inawaka na namba iko palepale, namrudia Mtwapa_Dev na ile while.

#39 FundiRedio_77
Nenda na moduli ya akiba pia. Nasema kwa nia njema.

#40 Nahodha_Mstaafu
Mnatoka saa ngapi?

#41 Mwana_Dema
Saa kumi alfajiri, mzee. Dema la saba boya lake limekatika tangu juzi, na mahali pake pamo kwenye EEPROM. Baba amekataa kuniambia alama zake za pwani mpaka kifaa kiseme kwanza.